Ruzuku ya Kaunti kwa Kikundi Chenu: Kazi Huanza Kabla ya Tangazo

Tangazo limebandikwa kwenye ubao wa ofisi ya wadi. Picha yake imezunguka WhatsApp mpaka ikafika kwa grupu ya chama chenu: kaunti inapokea maombi ya ruzuku kutoka kwa vikundi vya akina mama, vijana na watu wenye ulemavu. Zimebaki wiki mbili. Hapo ndipo mbio huanza. Cheti cha usajili kiko kwa nani? Kumbe muda wake uliisha. Kitabu cha michango kiko kwa mweka hazina, naye amesafiri. Akaunti ya benki ipo, lakini haijaguswa tangu mwaka juzi.

Vikundi vingi hukosa ruzuku kwa sababu kama hizi. Shida yao ni ya kweli, na mradi wao huenda ni mzuri kuliko wa waliopata. Lakini kamati inayosoma maombi haiwajui. Inachoona ni karatasi. Kikundi kinachoweza kuonyesha kwamba kimekuwa kikishika pesa ya wengine vizuri, hata kama ni kidogo, kiko mbele ya kile kinachoahidi kwamba kitaishika vizuri.

Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo haihitaji tangazo. Mnaweza kuianza wiki hii, na hata ruzuku isipokuja, chama chenu kitakuwa kimefaidika.

Kwanza: hii ni ruzuku au ni mkopo?

Swali hili linaonekana dogo, lakini limevunja vyama. Watu wanasikia "pesa ya serikali", wanagawana, halafu baada ya miezi sita wanapigiwa simu kuulizwa marejesho yako wapi.

Ruzuku ni pesa au kifaa ambacho hamrudishi, mradi mkitumie kwa kazi mliyoandika. Mkopo, hata usiokuwa na riba, unarudishwa. Hizi hapa ni baadhi ya njia ambazo pesa ya umma hufikia vikundi, ili mjue mnaingia kwa mlango gani:

- Uwezo Fund. Ilizinduliwa 2013 na hupitia maeneo bunge. Ni mkopo wa vikundi usio na riba, ila kuna ada ndogo ya usimamizi. Unarudishwa.
- Hustler Fund ya vikundi. Ilianza Juni 2023. Ni mkopo wenye riba. Unarudishwa.
- NGAAF. Huu ni mfuko wa serikali ya kitaifa ulioanzishwa 2015, na hufanya kazi karibu na ofisi ya Mwakilishi wa Wanawake wa kaunti. Hutoa ruzuku kwa vikundi vya akina mama, vijana, watu wenye ulemavu na makundi mengine yaliyoachwa nyuma. Hata kama ofisi iko kaunti yenu, pesa si ya gavana.
- Miradi ya kilimo inayopitia kaunti. NARIGP, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia katika kaunti 21 zikiwemo Kilifi, Kwale na Makueni, ulitoa ruzuku kwa vikundi vya wakulima vilivyoandika miradi midogo. Baada yake ukaja NAVCDP.
- Mifuko ya kaunti yenyewe. Hapa kila kaunti ina lake. Kwa mfano, Makueni ina Tetheka Fund na Kwale ina mfuko wa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Mingi ya mifuko hii ni ya kuzunguka, yaani mnakopa, mnarudisha, wengine wanakopa.

Kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mfuko wa kaunti huanzishwa na waziri wa fedha wa kaunti kwa idhini ya baraza la mawaziri wa kaunti na bunge la kaunti. Maana yake ni hii: mfuko wowote wa kweli una kanuni zilizoandikwa. Kanuni hizo zinasema nani anastahili, nani anakaa kwenye kamati, na kama pesa inarudishwa. Nendeni ofisini mkaziulize kabla ya kujaza fomu. Mtu akiwaambia "nyinyi jazeni tu, mambo ya kanuni tutaona", tulieni kwanza.

Pesa hupangwa miezi mingi kabla ya kutangazwa

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Lakini ukingoja Julai, umechelewa. Kalenda ya kaunti inaenda hivi:

- Kufikia Septemba 1, kaunti huwasilisha mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata.
- Kufikia Februari 28, huwasilisha taarifa inayoweka viwango vya matumizi ya kila idara.
- Kufikia Aprili 30, makadirio ya bajeti hufika kwenye bunge la kaunti.
- Kufikia Juni 30, bajeti inafaa kuwa imepitishwa.

Katikati ya tarehe hizo kuna mikutano ya kupokea maoni ya wananchi. Mara nyingi hufanyika kwenye ukumbi wa wadi au shule ya msingi, na wengi wetu hatuendi kwa sababu tunaona ni siasa. Lakini hapo ndipo inaamuliwa kama mwaka ujao kutakuwa na pesa ya vikundi au hakuna. Tumeni watu wawili. Wasiseme "tusaidiwe". Waseme: "Wadi hii ina vikundi kadhaa vinavyosindika mihogo na hakuna hata kimoja chenye mashine. Tunaomba idara ya biashara iweke pesa ya vifaa." Na wahakikishe jina la kikundi limeandikwa kwenye orodha ya waliohudhuria.

Jambo lingine la kujua: pesa kutengwa kwenye bajeti si sawa na pesa kufika. Kaunti hutegemea sana mgao kutoka Hazina ya Kitaifa, na mgao huo umekuwa ukichelewa mara kwa mara. Kwa hivyo msikope kwa mtu mkitarajia kulipa na ruzuku. Barua ya pongezi hainunui mashine.

Kikundi lazima kiwe kikundi kisheria

Tangu Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022, vikundi vya kujisaidia na mashirika madogo ya kijamii, yale tunayoita CBO, husajiliwa kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii iliyo kwenye kaunti ndogo yenu. Mnahitaji watu wasiopungua kumi, katiba, orodha ya wanachama na vitambulisho vyao, na kumbukumbu za mkutano uliowachagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina.

Cheti kina tarehe ya kuisha. Kitoeni leo mkiangalie. Cheti kilichoisha muda ni sababu rahisi kabisa ya kuondolewa kwenye orodha, na kukifanya upya kunataka rekodi za mikutano na hesabu, vitu ambavyo haviandikwi usiku mmoja.

Kama nyinyi ni shirika kubwa zaidi, linalohudumia watu wengi nje ya wanachama wake, kwa mfano kufundisha wafanyabiashara wadogo wa kaunti nzima, basi huenda mnafaa kuwa chini ya Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma. Sheria hiyo ilipitishwa 2013 na ikaanza kutumika Mei 14, 2024, ikachukua nafasi ya utaratibu wa zamani wa NGO. Usajili wake una masharti mazito zaidi ya ripoti na hesabu. Chama cha watu 20 hakihitaji mzigo huo.

Pamoja na cheti, chukueni PIN ya KRA ya kikundi. PIN ya mwenyekiti si PIN ya kikundi.

Laini ya mweka hazina si akaunti ya chama

Hapa ndipo sisi tunaohudumia malipo tunaona shida nyingi zaidi. Michango inatumwa kwa namba ya mweka hazina kwa sababu ni rahisi na kila mtu anamwamini. Uaminifu wake hauna shaka. Tatizo ni kwamba laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu ni ya mtu huyo. Akiugua, hakuna mwingine anayeweza kuifungua. Akifariki, Mungu apishe mbali, pesa iliyomo inahesabiwa kama mali yake, na itabidi mfuate familia yake kwenye mambo ya mirathi. Na hata akiwa mzima, stetimenti yake inachanganya michango ya chama, karo ya mtoto, na mkopo wa simu. Kamati ya ruzuku haiwezi kuisoma.

Mkiwa na cheti, fungueni akaunti ya benki kwa jina la kikundi, yenye watu watatu wa kutia sahihi, na wawili wanatosha kutoa. Kisha unganisheni akaunti hiyo na paybill, au chukueni till ya jina la kikundi, ili wanachama walipe kwa simu na kila mchango ujiandike wenyewe.

Sasa angalieni tofauti inayoletwa na jambo hili. Tuchukue chama cha mfano: watu 20, kila mmoja anachanga Sh200 kwa wiki. Hiyo ni Sh4,000 kwa wiki, na kwa wiki 52 ni Sh208,000.

Chama cha kwanza kinachanga keshi kwenye mkutano. Pesa inahesabiwa mezani, wanachama wanakopeshwa papo hapo, na kinachobaki ndicho kinachopelekwa benki. Mwisho wa mwaka, stetimenti inaonyesha Sh38,000 zimeingia.

Chama cha pili kinalipa kila mchango kwa akaunti kwanza, halafu mikopo ya wanachama inatoka kwa akaunti. Mwisho wa mwaka, stetimenti inaonyesha Sh208,000 zimeingia, mikopo imetoka na marejesho yamerudi.

Vyama vyote viwili vimefanya kazi ileile. Lakini mtu asiyewajua akisoma, cha kwanza kinaonekana kama kimelala, na cha pili kinaonekana kama biashara. Ndiyo, kuna ada ndogo za kutuma na kutoa. Zihesabuni kama gharama ya kujenga jina.

Kila mwisho wa mwezi, katibu na mweka hazina wakae pamoja na stetimenti na kitabu. Kila kilichoingia kiwe na jina, kila kilichotoka kiwe na risiti na kumbukumbu ya mkutano ulioidhinisha. Stetimenti isomwe kwenye mkutano, kwa sauti. Chama ambacho hesabu husomwa mbele ya wote huwa na minong'ono michache.

Bajeti inayosimama yenyewe

Fomu nyingi huuliza mambo manne tu: shida ni gani, mtafanya nini, itagharimu pesa ngapi, na itaendeleaje baada ya ruzuku kuisha. Sehemu mbili za mwisho ndizo zinazowaangusha watu. Turudi kwa mfano. Sema kile chama cha watu 20 kiko Kilifi na kinataka kuuza unga wa muhogo badala ya mihogo mibichi. Bei hizi ni za mfano tu. Nyinyi mtachukua kwotesheni za kweli kutoka kwa wauzaji watatu.

- Mashine ya kukata na kusaga: Sh145,000
- Kibanda cha kukaushia: Sh60,000
- Mizani na vifaa vya kupakia: Sh25,000
- Kupima unga na kufuatilia alama ya ubora ya KEBS: Sh20,000
- Mafunzo: Sh18,000
- Usafiri wa vifaa: Sh12,000
- Akiba ya matengenezo: Sh20,000
- Mihogo ya kuanzia: Sh30,000

Jumla ni Sh330,000. Chama kinaomba Sh300,000 na kinatoa Sh30,000 za mihogo ya kuanzia kutoka kwa akaunti yake. Huo mchango wenu unasema mengi. Unaonyesha kwamba mkipoteza, mtapoteza chenu pia.

Halafu inakuja hesabu ya kuendelea. Mihogo mibichi kilo 400 kwa Sh20 ni Sh8,000. Ikikaushwa na kusagwa inaweza kutoa unga kama kilo 100. Mkiuza Sh120 kwa kilo, mnapata Sh12,000. Toeni stima, mifuko na usafiri, tuseme Sh2,000. Kinabaki Sh2,000 kwa wiki.

Ngojeni kwanza. Nani amemenya hiyo mihogo? Kama ni wanachama sita kwa siku mbili, na hakuna aliyelipwa, basi hiyo Sh2,000 ndiyo mshahara wao, na chama hakijapata chochote. Hapa mna njia tatu: kuongeza kiasi mnachosaga, kuwasagia majirani kwa malipo, au kutafuta mnunuzi anayelipa zaidi. Andikeni mmechagua ipi na kwa nini. Afisa akiona mmeliona tatizo hilo kabla yake, atajua mmeketi chini mkahesabu. Na mkigundua biashara haisimami hata kwa karatasi, mmejiokoa. Mashine nyingi zinakaa chini ya turubai kwa sababu hesabu hii haikufanywa.

Pesa ikishaingia

Siku ile ujumbe unaingia, "mmepokea", ndiyo siku ya hatari zaidi kwa chama. Ndugu wanasikia. Wanachama waliokuwa hawaonekani mikutanoni wanarudi. Mtu anapendekeza "tujitoe kidogo ya soda". Kubalianeni mapema, kwa maandishi, juu ya mambo haya:

1. Hakuna kutoa keshi kununua kitu kikubwa. Mlipeni muuzaji moja kwa moja kutoka akaunti ya kikundi kwenda kwa till, paybill au akaunti yake. Jina linaloonekana kabla ya kuthibitisha malipo lilingane na lile la kwotesheni. Likitofautiana, simamisheni.
2. Pesa ifuate bajeti. Bei ikipanda au mkitaka kubadilisha kitu, andikieni ofisi iliyowapa na mngoje jibu. Kubadilisha kimya kimya, hata kwa nia nzuri, ni kuvunja mkataba.
3. Kila kifaa kiandikwe. Namba ya mashine, tarehe, bei, kiko wapi, nani anakitunza.
4. Kubalianeni mashine itakuwa ya nani chama kikivunjika. Hakuna anayependa swali hili wakati wa furaha. Liandikeni kwenye katiba. Kama imewekwa kwenye boma la mwanachama, aandike barua kwamba anaitunza tu, na mume wake au mkewe na watoto wakubwa wajue. Mashine ya chama imewahi kuingia kwenye mali ya marehemu kwa kukosa karatasi moja.
5. Ripoti itoke kabla haijaulizwa. Picha, risiti, stetimenti, na maneno ya kweli kuhusu kilichokwenda vibaya. Ripoti ya ruzuku ya kwanza ndiyo barua yenu ya kuomba ya pili.

Wanaokula pesa ya maombi

Tangazo likitoka, na matapeli pia hutoka. Mtu anapiga simu akisema yuko ofisi ya gavana, jina lenu limepita, tumeni Sh3,500 ya "kufungua faili". Au anaomba namba ya siri ili "pesa iweze kuingia". Shikeni haya:

- Kupokea pesa hakuhitaji namba ya siri. Hata sisi hatuwezi kuwauliza.
- Ada ya halali hulipwa kwa njia rasmi ya serikali na mnapewa risiti. Hailipwi kwa namba ya mtu binafsi.
- Hakuna MCA wala afisa anayetoa ruzuku mfukoni mwake. Akitaka asilimia ili awasukumie, hiyo ni hongo. Mnaweza kuripoti kwa EACC kwa namba ya bure 1551.
- Mkipigiwa simu, kateni. Nendeni ofisini wenyewe, wawili wawili.

Mkinyimwa

Msikunje fomu mkatupa. Andikeni barua fupi kuuliza ni wapi mlipungukiwa na ni vikundi gani vilipata. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa Mkenya haki ya kuomba habari iliyo kwa ofisi ya umma, na ofisi inafaa kutoa uamuzi wake ndani ya siku 21. Ulizeni kwa heshima, mweke nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Jibu lenyewe litawasaidia mwaka ujao, na ofisi itakumbuka kikundi kilichouliza vizuri.

Cha kufanya wiki hii

- Toeni cheti, mwangalie tarehe.
- Ulizeni: michango yetu inaingia kwa jina la nani? Kama ni jina la mtu, wekeni tarehe ya kuhama.
- Chukueni stetimenti ya miezi mitatu, muilinganishe na kitabu.
- Nendeni ofisi ya wadi mkaulize mkutano ujao wa bajeti ni lini, na mchague wawili wa kwenda.
- Andikeni mradi wenu kwenye ukurasa mmoja, pamoja na hesabu ya wiki moja ya biashara.

Mambo haya matano hayana gharama kubwa, na hayamngoji mwanasiasa yeyote. Tangazo likija, nyinyi mtakuwa mnajaza fomu wakati wengine bado wanatafuta cheti. Lisipokuja mwaka huu, bado mtakuwa na chama ambacho pesa yake inaonekana na kila mwanachama anaweza kuulizia shilingi yake akajibiwa.